Moto Hauli Protini ya Uji

Anayetia unga wa protini kwenye uji wa asubuhi, awe kijana anayenyanyua vyuma au mzee ambaye hamu ya kula imempungua, huonywa kwamba uji wa moto unaua protini na kwamba fedha aliyotoa kununua kopo imekwenda bure. Wanaoonya wana nia njema, lakini wamekosea. Protini ni uzi mrefu wa asidi amino uliojikunja na kujifunga. Joto huukunjua uzi huo bila kuukatakata, na kwa kuwa mwili unazitaka zile asidi amino wala si umbo la uzi, chakula hakijapotea. Tumbo nalo hulikunjua umbo hilo hilo kwa asidi yake kabla ya kuanza kusaga. Tazama ute wa yai unapogusa kikaango: sasa hivi ulikuwa ukipitisha mwanga, mara umekuwa mweupe na mgumu. Mwaka 1998 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walipima yai lililopikwa na yai bichi, wakakuta mwili unafaidi takriban asilimia 91 ya protini ya lile lililopikwa na asilimia 51 tu ya lile bichi. Yaani moto umeongeza.

Kinachoharibika ni mchanganyo. Unga mwingi wa makopo hutokana na maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kutengeneza jibini, na protini yake huanza kushikana joto likifika kama nyuzi 70. Ukiumwaga mkavu kwenye sufuria inayotokota, tabaka la nje la kila kijiko hushikana papo hapo na kuufungia unga mkavu ndani. Mwiko unabaki kusukuma mabonge yanayotafunika kama mpira, mlaji anayaacha chini ya kikombe, na protini inakwenda na maji ya kuoshea vyombo. Ukoroge kwanza kwa maji au maziwa baridi mpaka uwe rojo laini, uipue uji, ungoje mvuke upungue, kisha umimine kidogo kidogo huku mkono wa pili ukikoroga. Mjuzi atapinga hapa: joto likikutana na sukari, asidi amino iitwayo laisini hufungwa na mwili ukashindwa kuitumia. Ni kweli, na badiliko hilo hilo ndilo linaloyapa maandazi rangi yake. Lakini hutaka ukavu, joto kali au muda mrefu. Uji ni maji, joto lake halipandi sana kupita nyuzi 100, na rojo letu limeingia baada ya kuipua. Wa kujihadhari ni anayekaanga nafaka mpaka ziungue kabla ya kwenda mashineni.

Soya ina sheria nyingine kabisa, nayo ndiyo inayokosewa zaidi. Ndani ya soya mbichi mna vizuizi vinavyozuia vimeng'enya vya mwili kusaga protini, na ni moto unaovivunja. Kwa hiyo soya iliyosagwa mbichi pamoja na mahindi, ikapikwa harakaharaka, inaweza kumsumbua tumbo mtoto yule yule aliyekusudiwa kusaidiwa. Soya ichemshwe vizuri na kukaushwa kabla ya kusagwa, na unga wake uingie sufuriani tangu mwanzo, si kunyunyizwa juu ya kikombe.

Je, kopo lenyewe linahitajika? Gramu 40 za unga wa mahindi, zinazotosha kikombe cha uji, zina protini gramu tatu hivi, tena yenye upungufu wa laisini. Kipimo kimoja cha kopo, gramu 30, kwa kawaida huleta gramu 20 na zaidi. Tofauti ni kubwa, na kwa mtu mzima asiyeweza kula kingi kopo lina maana, ingawa mgonjwa wa figo asiliguse kabla ya kumwona daktari. Lakini kikombe cha maziwa kina gramu nane, na gramu 30 za karanga zilizosagwa zina kama saba, pamoja na mafuta mengi kuliko ya kopo. Maziwa, na kunde za kila aina, yana ile laisini ambayo mahindi yamepungukiwa nayo. Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa zitupwe, kwa kuwa sumukuvu haitoki kwa kuchemsha: mwaka 2004 nchini Kenya zaidi ya watu 100 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo.

Kwa mtoto mdogo hoja inageuka tena. Mwaka 1974 daktari Donald McLaren aliandika katika jarida la The Lancet kwamba wataalamu walikuwa wameihangaikia protini kupita kiasi, ilhali watoto wengi walikuwa wakikosa chakula chenyewe. Uji mwepesi unamjaza mtoto maji. Ukiwa mzito, hawezi kuumeza. Hapa ndipo kimea, unga wa ulezi au mtama ulioota ukaanikwa, kinapofanya kazi ya ajabu. Kijiko kimoja kwenye uji mzito uliopoa kiasi, na baada ya dakika chache mwiko uliokuwa ukikwama unazunguka bila shida, na unga ni ule ule. Kinachofanya kazi hiyo ni kimeng'enya, nacho ni protini inayotegemea umbo lake. Ukikitia uji ukiwa unatokota, kinakunjuka, kinaacha kazi, na uji unabaki mzito. Kwa hiyo mama hungoja upoe kwanza, anatia kimea, anakoroga mpaka ulegee, ndipo anaurudisha motoni uchemke kidogo kuua vijidudu.