Wakili wa Mazingira Sharti Ainame

Mwaka wa 1989, marehemu Profesa Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi kuomba kwamba jumba la orofa 60 lisijengwe ndani ya bustani ya Uhuru Park. Mahakama haikufika hata kupima iwapo jumba hilo lingeidhuru bustani. Swali lililotangulia lilikuwa hili: Wewe wahusikaje? Kwa kuwa hakuweza kuonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi kuliko wananchi wengine, kesi yake ilitupwa. Jumba lenyewe halikujengwa hatimaye, lakini lililolizuia ni kelele za umma wala si amri ya hakimu.

Leo swali hilo halina makali tena. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 iliulegeza mlango, na Katiba ya 2010 ikaufungua wazi. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila ya kulazimika kuthibitisha kwamba yupo mtu aliyepata hasara au madhara. Fauka ya hayo, tunayo Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011 ili isikilize mambo hayo hasa.

Mlango umefunguka basi. Swali lililobaki ni la namna nyingine: wakili anayeupita mlango huo amebeba nini mkononi? Ninavyoona mimi, kesi za mazingira haziponzwi tena na uhaba wa sheria. Huponzwa na chupa isiyokuwa safi, daftari lisiloandikwa na tarehe iliyopita pasipo mtu kuiona. Mawakili wetu wanavijua vifungu vya Katiba kwa moyo, lakini wengi wao hawakufundishwa kazi ya mikono ambayo vifungu hivyo huitegemea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nimeketi mara nyingi katika viti vya nyuma mahakamani nikisikiliza kesi za aina hii. Nimemwona wakili kijana akivisoma vifungu kwa ufasaha wa kupendeza, kisha wakili wa kiwanda akainuka na kumwuliza shahidi maswali matatu tu. Maji haya uliyateka lini? Uliyatia katika chombo gani? Kabla ya kufika maabara, yalilala kwa nani? Shahidi, mzee mwadilifu aliyevaa koti lake la Jumapili, akajibu kwamba aliyatia katika chupa ya soda, akayaweka nyumbani siku nne hadi alipopata nauli. Ukawa ndio mwisho wa maji hayo kama kielelezo. Mzee hakusema uongo, na yamkini mto ulikuwa umechafuka kweli. Ila hakuna aliyemwonyesha jinsi ya kuuteka ukweli huo ukafika mbele ya hakimu ukiwa mzima.

Ustadi wa kwanza, kwa hivyo, ni kwenda mahali penyewe mapema. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Wakili aliyesimama kando ya mto ataona kwamba maji yakitekwa chini ya bomba la kiwanda peke yake hayathibitishi kitu, kwa maana kiwanda kitasema uchafu ulitoka juu. Ni lazima yatekwe ya juu na ya chini, siku moja, kwa njia moja. Chupa ziwe safi, zitiwe alama na kufungwa mbele ya mashahidi. Kila mkono unaozipokea utie sahihi, tarehe na saa. Maji yanayopimwa vijidudu yawekwe penye ubaridi na yafike maabara siku hiyo hiyo. Picha za simu nazo zisidharauliwe, lakini wakili akumbuke kwamba Sheria ya Ushahidi inataka rekodi za kielektroniki ziandamane na cheti kinachoeleza zilivyopatikana na chombo kilichotumika. Mambo haya hayahitaji shahada ya pili. Yanahitaji mtu aliye tayari kuchafua viatu.

Faida ya mapema hiyo inaonekana waziwazi katika kisa cha Owino Uhuru, kijiji cha watu maskini huko Mombasa kilichopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014. Bi Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo, aliongoza wanakijiji kudai haki, na kesi ikafikishwa mahakamani mwaka wa 2016. Mnamo Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni na kuagiza mahali pale pasafishwe. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Rufaa iliiondoa fidia hiyo na kutaka suala hilo likaangaliwe upya. Desemba 2024, Mahakama ya Juu ikairejesha.

Ushindi huo ni mkubwa na sitaki kuupunguza hata chembe. Hata hivyo, tazama safari yenyewe. Ilikuwa miaka minane na ushei tangu kesi ifunguliwe, na jambo lililoyumba katikati halikuwa haki ya watu kuishi salama, bali fidia. Hapo ndipo kesi za aina hii huwa dhaifu zaidi: ni nani aliyedhurika, kwa kiasi gani, na imejulikanaje?

Sayansi ya risasi yenyewe inafundisha haraka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Lakini mtu akiepukana na chanzo chake, nusu ya risasi iliyomo katika damu huondoka kwa muda wa takriban mwezi mmoja, na sehemu nyingine hujificha mifupani kwa miaka na mikaka. Maana yake ni kwamba mtoto anayepimwa damu leo hutoa ushahidi ambao hataweza kuutoa akipimwa baada ya miaka mitatu, ingawa madhara aliyoyapata akilini yangalipo. Wakili asiyelijua hilo ataahirisha upimaji hadi siku ya kusikizwa kwa kesi, na siku hiyo damu itakuwa imesahau. Ndiyo maana nasema kwamba wakili wa mazingira lazima ajue kuuliza maswali ya kitaalamu, hata kama si yeye atakayeyajibu. Ajue tofauti ya kipimo cha damu na kipimo cha udongo. Ajue kumwomba daktari amwandikie si jibu tu, bali pia njia aliyoitumia kulipata.

Ustadi wa pili ni kusoma. Sina maana ya kusoma sheria. Nina maana ya kusoma ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, ile yenye mamia ya kurasa, majedwali na ramani, ambayo watu wengi huishia kwenye muhtasari wake. Kesi ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, katika kaunti ya Lamu, ni funzo tosha. Mtambo huo wa megawati 1,050 ulipewa leseni na Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira, NEMA, mwaka wa 2016. Wananchi wa Lamu wakakata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni.

Sababu kuu haikuwa hotuba juu ya uzuri wa Lamu. Ilikuwa utaratibu. Kanuni za mwaka wa 2003 zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo mahali pa watu, atangaze gazetini kwa majuma mawili mfululizo, atangaze redioni, na afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika. Mikutano ilikuwepo Lamu, lakini jopo liliona kwamba watu hawakushirikishwa ipasavyo baada ya uchunguzi kukamilika, walipohitaji hasa kujua yatakayowapata. Isitoshe, suala la tabianchi halikuzingatiwa inavyostahili. Mtu hawezi kuyajua hayo pasipo kuketi na ripoti usiku kucha, akilinganisha tarehe za mikutano na tarehe za uchunguzi, ukurasa kwa ukurasa.

Kusoma huko kunakwenda sambamba na kuhesabu siku. Rufaa kwa jopo hilo ina muda wa siku 60 tangu jambo linalolalamikiwa kutokea. Mwanakijiji aghalabu huzinduka anapoona tingatinga, na tingatinga huja baada ya leseni. Kwa hivyo wakili mwema hangoji kuitwa. Huwafundisha watu wa eneo lake kutazama matangazo ya magazeti na kuuliza habari kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu, na saa 48 iwapo habari inayotakiwa inahusu uhai au uhuru wa mtu. Barua ya ukurasa mmoja, iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, imewahi kuwa na nguvu kuliko maandamano ya siku nzima.

Ustadi wa tatu ni kusikiliza. Mvuvi anaijua bahari kwa majina ya mikondo na miamba ambayo hayamo katika ramani ya mwekezaji. Mama anayeteka maji anajua ni mwezi gani maji yalibadilika ladha, kwa kuwa ndio mwezi aliojifungua au mwezi wa kuvuna. Huo ni ushahidi, lakini wakili anayemhoji kwa haraka, kwa lugha ya ofisini, hatauona. Na atakapouandika katika hati ya kiapo kwa Kiingereza ambacho mama mwenyewe hakisomi, atamtia mtegoni, maana siku ya kuhojiwa ataulizwa juu ya maneno ambayo si yake. Taarifa ya shahidi iandikwe kwanza kwa lugha anayoizungumza, asomewe, akubali, ndipo itafsiriwe. Vilevile wateja wakiwa mia au elfu, wachague kamati yao, na wakili awaambie ukweli tangu mwanzo: kesi hii yaweza kuchukua miaka, na njiani watakuja watu wenye bahasha wakitaka mmoja mmoja wenu ajitoe.

Ustadi wa nne ndio unaosahaulika kabisa, nao ni kazi ya baada ya hukumu. Watu hushangilia nje ya mahakama wakidhani mambo yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Ikiwa aliyeshindwa ni Serikali, mali yake haiwezi kunadiwa kama ya mtu binafsi. Sheria ya kesi dhidi ya Serikali yamtaka mshindi kupata kwanza hati ya amri kutoka mahakamani, aipeleke kwa afisa anayehusika, na akikataliwa arudi kuomba afisa huyo ashurutishwe kulipa. Kusafisha udongo wenye sumu nako kunataka mpango: nani atausafisha, kwa kipimo gani, na nani atakwenda kuupima tena? Hukumu isiyosimamiwa ni karatasi, na karatasi haimwondolei mtoto risasi mifupani.

Najua kuna watakaonijibu kwamba wakili si mkemia wala si mvuvi, na kwamba kila mtu ana kazi yake. Ni kweli. Simtaki wakili apime maji mwenyewe. Namtaka ajue maji yaliyopimwa vibaya yanafananaje, kama vile mwenye nyumba asiye mwashi anavyoweza kuona kwamba ukuta umepinda. Wengine watasema wataalamu ni ghali na wanakijiji hawana fedha. Hilo pia ni kweli, na ndiyo sababu wakili anapaswa kujenga urafiki na idara za kemia na afya katika vyuo vikuu vyetu kabla ya kesi, wala si juma moja kabla ya kusikizwa kwake.

Pendekezo langu ni jepesi. Kila anayetaka kuwa wakili nchini hupitia miezi sita ya uanagenzi chini ya wakili mkongwe. Mingi ya miezi hiyo humalizikia kwenye foleni za masjala na kwenye mashine za kunakili. Kwa nini wale wanaotaka kazi ya mazingira wasitumie angalau mwezi mmoja nje ya ofisi, pamoja na wakaguzi wa mazingira, maafisa wa afya na makundi ya wavuvi na wakulima? Chama cha Mawakili na walimu wa sheria wanaweza kulipanga jambo hilo pasipo kungoja sheria mpya kutoka Bungeni.

Kizazi cha Profesa Maathai kilidharauliwa na kutukanwa ili sisi tupate haki ya kusikizwa. Haki hiyo sasa tunayo kwa maandishi. Wanaoingoja ni watu wanaokunywa maji ya mto na watoto wanaocheza juu ya udongo. Hao hawatauliza wakili wao alipata alama ngapi chuoni. Watataka kujua iwapo alikuja mapema, akaandika walichokisema, na akarudi baada ya hukumu.