Neno letu katika daftari la nyota

Wazee wetu walisoma falaki kwa ajili ya kibla na mwandamo. Je, msomaji, wajua kuwa nyota zina neno letu?

Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Setilaiti iliyobebwa ikaitwa Uhuru. Mwanafizikia Riccardo Giacconi, aliyezaliwa Genoa, Italia, mwaka 1931, aliitumia kutafuta nyota zitoazo eksirei, miale ambayo hewa huizuia isifike ardhini. Orodha ya nne ikawa na vyanzo 339. Giacconi alipata Nobel mwaka 2002, akafariki 2018.

Hata leo wanafalaki huandika “4U” mbele ya majina hayo. U hiyo ni Uhuru. Basi tuwasimulie wanetu.