VYURA WANNE KATIKA TANGI MOJA

Mkulima wa nyanda za juu akichimba bwawa la kunyweshea ng'ombe, mara nyingi huja mgeni asiyealikwa: chura bapa, mtelezi kama sabuni, macho yake yakitazama juu. Huyu ni chura wa kucha. Wa kwetu huitwa na wataalamu Xenopus borealis, nao walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1936 kutokana na vyura wa Marsabit. Vidole vitatu vya kila mguu wa nyuma vina kucha nyeusi, ubavuni ana alama kama mishono ya cherehani, na kinywani hana ulimi. Chakula hukisukuma kinywani kwa mikono. Kwa kuwa hukaa majini maisha yake yote, aweza kufugwa katika tangi la kioo bila kutengenezewa nchi kavu.

Watoto wa chama cha 4K katika shule moja jirani walitaka kuwafuga, wakaniomba msaada. Kwanza tuliuliza ofisi ya wanyamapori, maana kwa sheria ya mwaka 2013 chura wa porini naye ni mnyama wa pori. Kisha tukatia vyura wanne tangini: majike wawili wakubwa, mmoja wa kadiri, na mmoja asiyezidi kidole gumba. Nilisema, hawa ni ndugu, na wakae pamoja. Ijumaa tuliwapa nyungunyungu wachache, tukaenda zetu. Jumatatu walikuwa watatu. Kifuniko kilikuwa kimefungwa kwa waya, hakuna aliyetoka. Mwenye yule mdogo, msichana wa Gredi ya 4, aliniuliza amekwenda wapi. Jibu nililijua, na kosa lilikuwa langu.

Chura hajui undugu. Kinachoingia kinywani mwake ni chakula, hata kama ni mtoto wake mwenyewe. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuwapanga kwa ukubwa: wanaolingana wakae pamoja, mdogo akae peke yake mpaka awafikie wenzake. Wala usichanganye aina mbalimbali. Chura wa nchi kavu mwenye ngozi ya chunusi ana sumu nyuma ya macho, naye akitiwa katika maji mengi bila mahali pa kupanda huchoka akafa.

Nafasi nayo ina kazi yake. Lita 40 kwa kila chura mzima si nyingi. Kina cha maji cha sentimita 30 chatosha, kwani yeye huvuta hewa kwa mapafu na lazima afike juu upesi. Usitandaze kokoto ndogo chini, atazimeza pamoja na chakula. Weka mawe makubwa kuliko kichwa chake, na chungu kilichovunjika cha kujifichia, kimoja kwa kila chura. Maji ya bomba yana dawa ya klorini, basi yaache katika ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyatumia. Kila juma toa robo ya maji, utie mapya.

Sasa chakula, na hapa ndipo ugomvi huanzia. Wakubwa hula mara moja kila siku mbili au tatu; wadogo kila siku. Nyungunyungu wa shambani ni wazuri, mradi shamba halikupuliziwa dawa. Usiwamwage mahali pamoja, maana mwenye nguvu atakula vyote na mwenzake atang'atwa vidole. Watupe pembe mbalimbali za tangi, usimame utazame hadi kila mmoja ameshiba. Aliye mnyonge mlishe katika beseni. Mabaki yatolewe baada ya saa moja, yasije yakaoza.

Ukichoka kuwafuga, usiwamwage katika bwawa la samaki. Chura huyu hula vifaranga vya samaki kwa wingi, na aweza kubeba ukungu wa ngozi unaoua vyura wengine. Jamaa yake wa Afrika Kusini alipotoroka au kuachiliwa Chile, Ufaransa na Marekani, alizaana huko hata akawa msumbufu.

Yule msichana alipata chura mwingine mdogo. Anakaa peke yake katika beseni lenye kifuniko cha waya, na kila Ijumaa humpima kwa rula. Bado sentimita mbili awafikie wenzake.