Je, Kusema "Nimeokoka" ni Kujikweza?

Katika kata ya Isansa, wilayani Mbozi, kama ilivyo Vwawa, Mlowo na Tunduma, ni nadra wiki ipite bila kumsikia mtu akisema ameokoka. Husemwa kwenye ibada ya Jumapili, kwenye mkutano wa injili wa uwanjani, na msibani kabla ya maziko. Mtu huanza na "Bwana asifiwe", huitikiwa "Amina", kisha huongeza kwamba ameokoka na anampenda Yesu. Wapo wanaolipokea neno hilo kwa furaha. Wapo pia wanaokunja uso na kuuliza: huyu amejuaje? Nani amempa cheti cha mbinguni naye angali hai? Kwao mlokole ni mtu anayejiona. Shutuma hiyo ni nzito na inastahili jibu la kweli, kwa sababu inagusa namna tunavyoishi pamoja, madhehebu kwa madhehebu, katika ukoo mmoja na kijiji kimoja. Ninachotetea hapa ni kwamba kuamini umeokoka si majivuno. Majivuno huingia pale imani hiyo inapomfanya mtu asiulizwe wala kusahihishwa na yeyote.

Swali hili lina mizizi mirefu katika nchi hii. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1899 Traugott Bachmann akaanzisha misheni ya Mbozi miongoni mwa Wanyiha. Kanisa hilohilo lilikuwa limeuliza swali la wokovu kwa ukali huko ng'ambo zaidi ya miaka 150 kabla. Januari 1736, kasisi wa Kiingereza John Wesley alikuwa melini akivuka Atlantiki kwenda Georgia. Dhoruba ilipoipiga meli, yeye alishikwa na hofu ya kufa, lakini Wamoravian wa Kijerumani waliokuwa humo, wake kwa waume na watoto, waliendelea kuimba nyimbo zao kwa utulivu. Alipofika nchi kavu, kiongozi wao August Spangenberg alimuuliza kama anamjua Yesu Kristo. Wesley akajibu kwamba anamjua kuwa Mwokozi wa ulimwengu. Spangenberg akamrudia: je, unajua kwamba amekuokoa wewe? Msomi yule aliyefunga, aliyesali na kuwatembelea wafungwa alibabaika. Kilichomshinda hakikuwa upungufu wa matendo mema. Alikuwa akiutafuta uhakika ndani ya matendo yake, na humo hakuuona.

Hapo ndipo shutuma ya majivuno inapoanza kulegea. Kujivuna ni kujipa sifa ya jambo, lakini fundisho la neema linamnyang'anya mtu sifa yote. Mkulima wa kahawa ambaye deni lake la pembejeo kwenye chama cha msingi limelipwa na mtu mwingine, akisema "Sidaiwi", hajisifu. Anasema kweli, na kweli hiyo inamtukuza aliyelipa. Angejisifu kama angedai amelipa kwa jasho lake, au kama angewacheka majirani ambao hadi juzi alikuwa nao katika daftari moja la madeni. Na akiendelea kusema "Sina hakika" baada ya kuonyeshwa risiti, huo si unyenyekevu, ni kumfanya aliyelipa kuwa mwongo. Lakini anayebisha ana haki ya kuuliza: risiti yenyewe iko wapi? Mtu yeyote anaweza kusema ameokoka. Jirani atajuaje kwamba si maneno matupu?

Jibu zuri zaidi ambalo Afrika Mashariki imewahi kulitoa ni Uamsho, ule uliotupa hata jina la walokole. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe mjini Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, walisoma Biblia na kusali pamoja. Katika miaka iliyofuata moto uliwaka Gahini, ukaenea Uganda, ukafika Kenya na Buhaya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Tazama kwa karibu kilichofanyika katika vikundi vile. Mtu aliyesimama kutoa ushuhuda hakuanza kwa kutaja utakatifu wake. Alianza na dhambi zake, tena kwa kuzitaja: nilimwibia fulani, nilimdanganya mke wangu, nilimchukia mwenzangu. Kisha alikwenda kurudisha alichoiba, kulipa deni la zamani na kuomba radhi. Wamisionari Wazungu nao waliungama mbele ya Waafrika kiburi chao cha rangi, jambo lisilozoeleka kabisa chini ya ukoloni. Uhakika wa kuokoka ndio uliowapa ujasiri wa kujianika hivyo. Mtu asiye na hakika ya kusamehewa hulazimika kuilinda sura yake, lakini aliyekwisha kusamehewa hana sura ya kulinda.

Gharama waliyolipa inasema mengi pia. Hali ya hatari ilipotangazwa nchini Kenya mwaka 1952, walokole wengi wa Kikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wao walikataa vilevile kushika bunduki za serikali ya kikoloni. Wengine waliuawa. Nchini Uganda, Janani Luwum, aliyeokoka katika Uamsho mwaka 1948, alifikia kuwa Askofu Mkuu, na Februari 1977 akauawa baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin kuyapinga maovu ya utawala wake. Askofu Festo Kivengere, mlokole mwenzake, alikimbilia uhamishoni, na mwaka huohuo akatoa kitabu chenye jina la kushtua, kinachosema kwamba anampenda Idi Amin. Majivuno hutafuta kumweka mtu juu ya wengine. Imani ya watu hawa iliwashusha wakawasamehe waliowatesa.

Mpinzani atasema nimechagua mifano mizuri tu, na kweli ipo mingine. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, wanafunzi wa Uamsho waliamka alfajiri kusali na kuhubiri, wakawashutumu walimu na wenzao kwa dhambi na kwa mafundisho yaliyolegea. Walipokatazwa hawakutii, na 26 kati yao, William Nagenda akiwamo, wakafukuzwa. Miaka ya 1970 likazuka kundi lililodai kwamba hata waliookoka wa zamani wamesinzia, nao wanahitaji kuamshwa upya. Hayo yalitokea, na yanatokea hata leo pale mlokole anapokataa kula sahani moja na ndugu zake kwa kuwaona najisi. Lakini angalia kosa liko wapi. Kusema "Mungu amenisamehe" ni kueleza jambo lililompata msemaji. Kusema "wewe hujasamehewa" ni kutoa hukumu juu ya moyo asiouona. Kauli ya pili haitokani na ya kwanza. Yule Farisayo katika mfano wa Yesu hakulaumiwa kwa kuwa na uhakika. Alilaumiwa kwa sababu alihesabu funga zake na zaka zake, kisha akajipima kwa kumtazama mtoza ushuru aliyesimama mbali.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mwanadamu hujidanganya, na mwisho wake haujui. Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki, mwaka 1547, ulionya dhidi ya kujitumainia kupita kiasi, ukafundisha kwamba pasipo ufunuo maalumu hakuna awezaye kujua kwa hakika isiyokosea kwamba atadumu hadi mwisho. Waislamu nao hufundishwa kuishi kati ya hofu na matumaini, na Mtume Muhammad alifundisha kwamba matendo ya mtu peke yake hayamwingizi peponi isipokuwa rehema ya Mungu imfunike. Maonyo haya yana busara, na mlokole anayeyadharau anajidhuru. Hata hivyo, yote yanaulinda ukweli uleule, kwamba wokovu ni zawadi. Ndiyo maana tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki kwa neema. Mkatoliki wa Isansa anayesema "Natumaini kwa rehema ya Mungu" na Mmoravian anayesema "Nimeokoka kwa neema" wanaegemea mahali pamoja zaidi kuliko wanavyodhani.

Pingamizi la tatu linasema kwamba kuamini njia moja ni kuwadharau wote wasioifuata. Lakini kila mwenye msimamo anaamini wanaompinga wamekosea, hata yule asemaye hakuna awezaye kujua. Dharau huja katika namna mtu anavyoushika msimamo wake. Msiba wa Shakahola nchini Kenya, mwaka 2023, unaonyesha hatari ya kushika msimamo bila kuulizwa: zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu ambamo waumini walikuwa wakifunga hadi kufa wakitumaini kumwona Yesu. Wale hawakuangamia kwa kuwa walitumaini kuokolewa. Waliangamia mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumuuliza mhubiri wao, wala jirani, wala ndugu, wala daktari.

Kwa hiyo yule anayekunja uso ana swali bora la kuuliza kuliko "umejuaje?" Amuulize mlokole: nani anaweza kukukosoa ukasikia? Uliyemkosea umemwendea? Na mlokole naye asiyakwepe maswali hayo. Kama mke wake, watoto wake, jirani anayemdai na mchungaji wake wanaweza kumwambia "hapa umekosa", naye akaungama na kulipa, basi aseme ameokoka bila aibu, na asemalo liaminiwe. Kama hakuna anayeweza, anyamaze kwanza, akatengeneze.