Prosesa na Kadi ya Michoro: Ipi Inauchelewesha Mchezo?

Si jambo la ajabu kumwona kijana aliyedunduliza fedha kwa miezi mingi akanunua kadi mpya ya michoro, akaipachika katika kompyuta yake kwa matumaini makubwa, kisha akakuta mchezo aupendao unasitasita vilevile kama jana. Kadi si mbovu, wala muuzaji hakumdanganya. Amebadilisha kifaa ambacho hakikuwa chanzo cha ucheleweshaji.

Mchezo wa kompyuta, kama filamu ya sinema, ni mfululizo wa picha zilizosimama, ambazo huonyeshwa kwa kasi hata jicho likaziona kuwa mwendo mmoja. Lakini picha za filamu zimekwisha kupigwa kabla hatujaketi kuzitazama, ilhali picha za mchezo hutengenezwa papo hapo kwa kufuata vidole vya mchezaji. Ili zipatikane picha 60 kwa sekunde, kila moja haina budi kuwa tayari katika muda wa milisekunde 16.7 hivi.

Kazi hiyo hugawanywa. Prosesa huamua ni nini kinachotokea: mpira umeelekea wapi, adui amejificha wapi, gari limegonga ukuta au limepita. Kisha huandaa maagizo ya kuchora. Kadi ya michoro huyapokea maagizo hayo na kukokotoa rangi ya kila pikseli, yaani kila nukta ya skrini. Mgawanyo huu haukuwapo siku zote. Mchezo wa Quake ulipotolewa mwaka 1996, prosesa ndiyo iliyofanya yote, hata kupaka rangi nukta moja moja. Mwaka 1997 likatoka toleo la GLQuake, lililoikabidhi kadi ya michoro kazi ya kuchora.

Tuchukue mfano wa jikoni. Mtu mmoja anasukuma chapati, mwenzake anazikaanga. Msukumaji hutumia dakika mbili kwa kila chapati, mkaangaji dakika tatu. Kwa kuwa wote wawili hufanya kazi kwa wakati mmoja, chapati hutoka kila baada ya dakika tatu. Mlete msukumaji hodari wa dakika moja. Chapati zitaendelea kutoka kila baada ya dakika tatu, na unga uliosukumwa utarundikana mezani.

Sasa tutie tarakimu. Tuseme katika mchezo fulani prosesa hutumia milisekunde 12 kwa kila picha, na kadi hutumia milisekunde 25. Mchezaji atapata picha 40 kwa sekunde. Akinunua prosesa yenye kasi maradufu, atabaki na picha 40 zile zile. Akinunua badala yake kadi ya kutumia milisekunde 12.5, atapata picha 80. Hapo vifaa viwili vimekaribiana sana. Iwapo tamaa itamsukuma anunue kadi nyingine ya milisekunde 6, atafikia picha 83 tu, maana sasa prosesa ndiyo inayosubiriwa. Fedha ya kadi hiyo ya pili ni kama imetupwa.

Basi mtu atajuaje kifaa kipi kinasubiriwa? Lipo jaribio jepesi lisilogharimu hata senti, na wanafunzi wanaweza kulifanya wenyewe. Kazi ya kadi hutegemea sana idadi ya pikseli. Kazi ya prosesa haitegemei idadi hiyo kwa kiasi kikubwa. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Punguza hadi 1280 kwa 720, zibaki 921,600, yaani chini ya nusu, kisha uchezee sehemu ile ile ya mchezo. Idadi ya picha kwa sekunde ikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imeelemewa. Ikibaki karibu pale pale, tatizo kwa kawaida liko upande wa prosesa.

Wengine hupenda kusoma asilimia ya matumizi ya prosesa, na hapa wengi hupotoka. Prosesa za siku hizi zina viini kadhaa, na kila kiini kinaweza kufanya kazi yake peke yake. Michezo mingi huweka mzigo wake mkubwa juu ya kiini kimoja au vichache. Katika prosesa ya viini vinane, kiini kimoja kikielemewa kabisa na vingine vikapumzika, kipimo cha jumla chaweza kuonyesha asilimia 12.5 tu, mtu akadhani prosesa inalala. Asilimia ya kadi ya michoro huaminika zaidi: ikikaribia 100 wakati wote, kadi ndiyo kikomo.

Wastani nao huficha mambo. Picha 59 za milisekunde 15 kila moja, pamoja na moja ya milisekunde 115, hutimiza sekunde moja kamili. Kipimo kitasema picha 60 kwa sekunde, lakini mchezaji ameona mstuko. Mara nyingi mistuko ya namna hii hutokana na prosesa kuzidiwa kwa ghafla, au na kumbukumbu ya kadi kujaa, hata data ikalazimika kuletwa kutoka kumbukumbu kuu ya kompyuta.

Kwa upande wa gharama, vifaa hivi viwili havifanani. Kadi mpya huhitaji nafasi ndani ya sanduku na umeme wa kutosha. Prosesa mpya yaweza kudai zaidi: mwenye ubao mkuu wa AMD wa aina ya AM4, uliotoka mwaka 2016, hawezi kupachika prosesa ya AM5 ya mwaka 2022 bila kununua ubao mwingine, pamoja na kumbukumbu za DDR5, kwani zile za DDR4 haziingii.