Pigo Linalotangulia

Mgonjwa atakwambia moyo "unapapatika". Weka vidole viwili kifundoni mwa mkono wake: mapigo matatu ya mbio, kimya, moja zito, kisha mawili mepesi. Hayahesabiki. Aurikali, vile vyumba viwili vya juu, zimeacha kusukuma damu. Zinatetemeka tu, mara 400 na zaidi kwa dakika. Damu hutuama humo, huganda, na bonge likichomoka likapanda ubongoni, ndiyo kiharusi.

Kwa miaka mingi madaktari wengi waliona kosa limeenea ukuta mzima wa chumba: mawimbi ya umeme yanafukuzana bila mwanzo wala mwisho. Dawa yake basi ni kuukata ukuta vipande vipande, mawimbi yakose njia. Mwaka 1987 mpasuaji Mmarekani James Cox alianza kufanya hivyo kwa kisu, kifua kikiwa wazi. Ilifaa, ila nani anakimbilia kupasuliwa kifua?

Huko Bordeaux, Ufaransa, Michel Haïssaguerre na wenzake walijaribu kuchora mistari hiyo ya kuukata ukuta kwa katheta, uzi mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa kinenani hadi moyoni, ncha yake ikiunguza. Lakini kilichompa Haïssaguerre jina ni jambo jingine, na kwangu mimi linahusu subira kuliko wepesi wa mkono. Mtetemo ukishashika kasi, umeme wa moyo ni vurugu tupu. Yeye akalivizia pigo moja la kabla yake.

Pigo hilo huja mapema, kama mtu anayeitika hajaitwa. Ncha ya katheta ilipoingia kwenye vena nne zinazorudisha damu kutoka mapafuni, ilinasa mchomo mkali wa umeme. Moyo ulipopiga kawaida, mchomo ulifuata nyuma ya aurikali. Pigo la mapema lilipokuja, zamu ziligeuka: mchomo ulitangulia, kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kumbe mshipa ndio ulioamrisha chumba!

Matokeo yalichapishwa mwaka 1998. Kwa wagonjwa 45 walipata vyanzo 69, na 65 vilikuwa ndani ya vena hizo. 31 kwenye ile ya juu kushoto peke yake. Nyama ya moyo hupenya ndani ya vena kama mkono wa shati, na wanaanatomia walishaiona zamani. Haïssaguerre na wenzake waliunguza vyanzo hivyo, na baada ya miezi 8 kwa wastani, wagonjwa 28 hawakuwa wamerudiwa na mtetemo.

Tatizo likazuka: vena iliyounguzwa ndani iliweza kusinyaa kwa kovu, mgonjwa akakosa pumzi. Madaktari wakarudi nyuma hadi mdomoni mwa vena, wakaunguza duara kuuzunguka. Cheche iruke mle ndani itakavyo, haina pa kutokea.

Lakini hospitalini kwetu Afrika Mashariki, wengi wenye mtetemo huu vali zao zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi na aurikali imetanuka. Hapo ukuta wenyewe unaumwa, na kuzizungushia vena duara pekee hakutoshi.

Mwaka 2002 Haïssaguerre alishuka hadi vyumba vya chini, ventrikali, kwa watu 27 walionusurika mioyo yao iliposimama ghafla. Huko nako alilitafuta pigo linalotangulia mtetemo. Kwa 23 kati yao lilitoka kwenye nyuzi za Purkinje, zile zinazosambaza umeme ndani ya ventrikali.