Kabla Kikundi Hakijapanda Basi la Namugongo



Kila mwaka vikundi vingi vinauliza habari ya safari ya Uganda. Ni safari nzuri. Lakini kikundi kinachoenda bila kujua kinaenda kuona nini hurudi na picha na deni tu. Kwa hiyo tuangalie mambo mawili: tutaona nini huko, na pesa zitatoka wapi.

NI KITU GANI KILITOKEA?

Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka wa 1877. Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans, wa shirika la Mapadre Weupe, walifika Kigungu karibu na Entebbe tarehe 17 Februari 1879. Vijana wengi wa ikulu wakaanza kujifunza dini, na waliojifunza wakawafundisha wenzao.

Kabaka Mwanga alianza kutawala mwaka wa 1884 akiwa bado kijana. Aliogopa kwamba watu hawa watamtii mwingine kuliko yeye. Mwezi wa Oktoba 1885, Askofu James Hannington wa Waanglikana aliuawa Busoga. Huyu alikuwa ametembea kutoka Rabai, pwani yetu, akapitia Mumias. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa watumishi wa ikulu, alimkemea Kabaka kwa mauaji hayo. Naye akauawa tarehe 15 Novemba mwaka huo huo.

Karoli Lwanga akachukua kazi ya kuwalinda vijana, ambao walikataa kutendewa mambo machafu na mfalme. Mwezi wa Mei 1886 wakahukumiwa kifo. Usiku wa kuamkia hukumu, Lwanga aliwabatiza wenzake waliokuwa bado, akiwemo Kizito aliyekuwa na umri wa miaka kama 14 hivi. Wakatembezwa hadi Namugongo, na tarehe 3 Juni 1886 wakachomwa moto, Wakatoliki na Waanglikana pamoja.

Mashahidi wote wa miaka ile, kuanzia 1885 mpaka 1887, ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza wale Wakatoliki kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na mwaka wa 1969 akaja mwenyewe Uganda.

MAHALI PA KUTEMBELEA

Anzeni Munyonyo, kando ya Ziwa Viktoria. Hapo ndipo hukumu ilipotolewa, na hapo waliuawa Denis Ssebuggwawo na Andrea Kaggwa. Mkianza Namugongo mtakuwa mmeanza hadithi mwishoni.

Halafu nendeni Namugongo. Kanisa kubwa limejengwa kwa mfano wa nyumba ya msonge, na lina nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Msiishie hapo. Waanglikana wana kituo chao karibu, nacho kinaonyesha jinsi watu wale walivyofungwa na kuteswa. Jueni pia kwamba Waislamu waliuawa Namugongo katika miaka ya 1870, wakati wa Kabaka Mutesa wa Kwanza. Kama kikundi chenu kina watu wa dini mbalimbali, kila mmoja ana lake la kukumbuka pale.

Mkiwa Kampala, pandeni kilima cha Kasubi yalipo makaburi ya wafalme. Nyumba yake kubwa iliungua mwezi wa Machi 2010, ikajengwa tena. Mwanga mwenyewe amezikwa hapo. Waingereza walimpeleka Visiwa vya Shelisheli, akabatizwa huko, akafa mwaka wa 1903. Akina mama wavae nguo ndefu, na wote mvue viatu mnapoambiwa. Kilima cha Namirembe kina kaburi la Hannington.

Tarehe 3 Juni umati ni mkubwa mno. Wanaotaka kusali na wenzao waende siku hiyo. Wanaotaka kuona na kusikia maelezo vizuri, wachague mwezi mwingine.

PESA

Hapa ndipo vikundi huvunjika. Pesa za safari zisichanganywe kamwe na pesa za mikopo au za mbegu. Fungueni kitabu chake, na kila anayetoa apewe risiti.

Tuseme mmepiga hesabu ya basi, chakula na malazi, mkaona kila mtu ni shilingi 6,000. Mtu akiweka shilingi 150 kila wiki, atamaliza kwa wiki 40. Kwa hiyo wa kwenda Juni aanze Agosti ya mwaka unaotangulia. Kukopa ili kutembea ni kujifunga kamba shingoni.

Kabla ya kupokea shilingi ya kwanza, kubalianeni kwa maandishi: mwanachama akifiwa au akiugua asiweze kwenda, atarudishiwa kiasi gani? Na mwenye basi msimlipe yote kabla hamjaliona basi lenyewe na kuandikiana mapatano. Kuna kikundi ninachokijua kilichomlipa dalali pesa zote, na asubuhi ya safari simu yake ikawa imezimwa. Akina mama 28 walirudi nyumbani na mizigo yao.

KARATASI

Mkenya mtu mzima anaruhusiwa kuingia Uganda kwa kitambulisho chake cha taifa. Watoto wanahitaji hati ya kusafiria kutoka idara ya uhamiaji, kwa hiyo anzeni mapema. Ulizeni hospitalini kuhusu cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Basi nalo linahitaji bima ya kuvuka mpaka, ile inayoitwa Kadi ya Njano ya KOMESA. Pesa badilisheni benki au kwenye duka lenye leseni, sio kwa kijana anayekimbilia dirisha la basi.

MKIRUDI

Mweka hazina asome hesabu katika mkutano wa kwanza. Kisha wawili waliosafiri wawaeleze waliobaki yale waliyoyaona. Wale vijana wa Buganda waliimarishana kwa sababu aliyejua alimfundisha asiyejua. Kikundi nacho hukua hivyo hivyo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, nani anaweza kumwambia kiongozi ukweli kama Balikuddembe, na sisi wengine tutasimama naye?
2. Wajane na wazee wasio na shilingi 150 kila wiki, tutawasaidiaje ili nao wasafiri?
3. Ni mahali gani pa historia hapa kwetu ambapo hatujawapeleka watoto wetu?